Tusimtengee Sahani Mgonjwa wa Kifua Kikuu

Kila ifikapo tarehe 24 Machi wananchi husikia hotuba nyingi juu ya kifua kikuu. Siku hiyo iliteuliwa kwa sababu tarehe kama hiyo, mwaka 1882, Daktari Robert Koch alisimama mjini Berlin akatangaza kuwa amekigundua kijidudu kinacholeta maradhi haya. Wananchi huambiwa, na ni haki waambiwe, kwamba mtu akikohoa kwa wiki mbili au zaidi aende akapimwe makohozi. Kwamba dawa hutolewa bure. Kwamba anayezianza asiziache mpaka azimalize. Maneno hayo yamerudiwa miaka mingi hata watoto wa skuli wameyahifadhi. Hatuna ugomvi nayo. Tunalolalamikia ni jambo ambalo ni nadra kusemwa siku hiyo au siku nyingine yoyote, nalo ni hali ya moyo wa yule anayezimeza dawa hizo.

Tunakusudia maradhi yaitwayo sonona. Neno lenyewe si geni kwetu. Wazee walikuwa wakisema mtu anasononeka kabla ya madaktari kulichukua neno hilo na kulifanya jina la maradhi. Wala hatuisemi ile huzuni ya siku mbili tatu impatayo kila binadamu aliyefiwa au aliyepata hasara. Sonona ni huzuni inayoshuka ikakaa, wiki mbili na zaidi, asubuhi hadi usiku. Mtu hukosa hamu ya kila alichokuwa akikipenda, usingizi ukamruka, chakula kikawa hakipiti kooni, akajiona hana thamani na kwamba amekuwa mzigo kwa watu wake. Wengine hufikia kuyachukia maisha yenyewe.

Mwaka 2020 wataalamu walizikusanya tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali, wakaona kwamba katika kila wagonjwa 100 wa kifua kikuu wapatao 45 walikuwa na dalili za sonona. Hesabu hiyo hupanda na kushuka baina ya nchi na nchi, kwani vipimo vilivyotumika havifanani, lakini hata tukiikata nusu bado ni umati wa watu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu na milioni 1.25 wakafa kwacho. Msomaji anaweza kujipigia hesabu mwenyewe.

Wapo watakaouliza jambo hili linaihusu Serikali kwa vipi. Huzuni, watasema, ni baina ya mtu na Mola wake, na hakuna ofisi yenye fungu la kuondoa huzuni. Sisi tunajibu kwamba linaihusu kwa sababu ile ile inayoifanya Serikali igawe dawa za kifua kikuu bila malipo. Matibabu ya kawaida ya maradhi haya huchukua miezi 6. Katika miezi 2 ya mwanzo mgonjwa humeza dawa nne kwa pamoja, yaani isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Katika miezi 4 inayofuata humeza mbili, isoniazidi na rifampisini. Baada ya wiki chache tu homa hushuka, jasho la usiku hukauka na kikohozi hupungua. Hapo ndipo penye mtihani, maana mtu anajiona mzima na bado ana miezi mbele yake. Kinachomvusha katika miezi hiyo, zaidi ya daktari na zaidi ya sheha, ni hamu yake mwenyewe ya kuishi. Sasa mwondolee mtu hamu hiyo, kisha umwambie ameze vidonge kila siku ili aifikie kesho asiyoitaka. Atavimeza kwa siku ngapi?

Jawabu limekwisha kupatikana. Tafiti zimeonyesha kwamba mgonjwa wa kifua kikuu mwenye sonona yumo katika hatari kubwa zaidi kuliko mwenzake ya kuacha dawa, ya kutopona, na ya kufa. Na anayeacha dawa katikati hajiumizi peke yake. Huwaambukiza wa nyumbani kwake, na huvipa vijidudu nafasi ya kuzizoea dawa, yakazaliwa maradhi sugu. Tanzania ilipoanza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, kazi hiyo ilifanyika katika Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, na tiba ya siku hizo ilikaribia miaka 2, ikiwa na miezi ya sindano ambazo ziliwaacha baadhi ya watu viziwi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza tiba fupi ya miezi 6 isiyokuwa na sindano, na hiyo ni neema kubwa. Lakini dawa zake ni ghali na uangalizi wake ni mzito. Mhasibu yeyote wa Wizara atakubali kwamba kumzuia mtu mmoja asifikie huko ni nafuu kwa hazina.

Kwa nini basi sonona haionekani? Sababu ya kwanza ni kwamba imevaa nguo za kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua hukonda. Mwenye sonona hukonda. Huyu hana hamu ya chakula, na yule vile vile. Wote wawili huchoka upesi na hulala vibaya. Daktari anayemwona mgonjwa kwa dakika chache, na foleni ndefu mlangoni, huyapa maradhi ya kifua lawama zote, akaongeza nasaha ya kula vizuri. Isitoshe, mwili unapopigana na vijidudu kwa muda mrefu hutoa kemikali ambazo zenyewe huweza kuishusha hali ya moyo, na hivyo maradhi mawili haya yakawa yanalishana.

Sababu ya pili ni ya ofisini. Utaratibu wa kuwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu ambao dunia nzima iliuiga katika miaka ya 1990 ulipevuka Tanzania Bara. Mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na Daktari Karel Styblo akaufanya kielelezo: kila mgonjwa aandikwe katika rejista, kila dozi ihesabiwe, makohozi yapimwe tena kwa miezi iliyowekwa, na mwisho ijulikane wangapi wamepona, wangapi wamekufa, wangapi wamepotea. Ni kazi ya kujivunia. Lakini rejista ile ilipochorwa iliwekewa safu ya uzito, safu ya makohozi na safu ya vidonge; moyo haukupewa safu. Na sote tunaofahamu kazi za ofisi tunajua kwamba kisichokuwa na safu katika rejista hakimo katika ripoti, na kisichokuwamo katika ripoti hakiingii katika bajeti.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie tukawie kidogo.

Katika visiwa vyetu mtu hali peke yake. Wali hupakuliwa katika sinia, watu wakazunguka, mkono wa mkubwa na wa mdogo ukakutana katikati. Kahawa ya jioni hunywewa barazani, na vikombe vichache huzunguka watu wengi. Kwa mila hizo mtu hujijua kuwa ni wa watu. Sasa mmoja wetu hurejea kutoka kituo cha afya na habari kwamba ana kifua kikuu. Siku hiyo hiyo huandaliwa sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, vikaoshwa mbali na vingine na kuwekwa mbali na vingine. Hakuna aliyemtukana. Mara nyingi mwenye kumtengea ni mama yake au mkewe, naye hufanya hivyo kwa kuwapenda watoto. Lakini kila inapofika saa ya kula mgonjwa huletewa hukumu yake ndani ya sahani. Akitoka barazani huona kikombe alichokinywea kikiwekwa kando. Siku ya tatu hatoki. Wenzake husema anapumzika, na huo unaweza kuwa ndio mwanzo wa sonona.

Na adhabu hiyo yote haina faida hata ya chembe. Kifua kikuu hakiambukizi kwa sahani, wala kwa kikombe, wala kwa kushikana mikono, wala kwa nguo. Huambukiza kwa hewa. Mgonjwa ambaye mapafu yake yana vijidudu, na ambaye hajaanza dawa, anapokohoa au kupiga chafya hutoa vitone vidogo mno visivyoonekana, navyo hukaa hewani na kuvutwa na aliye karibu, hasa katika chumba kilichofungwa, chenye watu wengi, kisichopitisha upepo wala mwanga wa jua. Adui basi ni dirisha lililozibwa. Mgonjwa aliyeanza dawa zinazofaa, na anayezimeza barabara, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi uwezo wake wa kuambukiza huwa umepungua sana. Afunike mdomo anapokohoa, afunguliwe madirisha, watoto wadogo na waliokaa naye wapelekwe wakachunguzwe. Hiyo ndiyo kinga. Tumekuwa tukifunga madirisha na kutenga vikombe, kinyume kabisa cha inavyotakiwa. Kikombe kioshwe kwa sabuni kama kioshwavyo kila siku, kirudi barazani.

Yako na maneno ya pembeni. Kwa kuwa kifua kikuu huwapata kwa wingi watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, majirani humhukumu kila mwenye kifua kuwa ana Ukimwi, na kila mwenye Ukimwi kuwa ni fasiki. Wengine husema kalogwa na mwenye kumhusudu. Mke akiugua huweza kurudishwa kwao "akauguzwe", na ile nguo moja ya kwenda nayo ikawa ndiyo mwisho wa ndoa. Binti akiugua, wachumba huacha kubisha hodi hata miaka miwili baada ya kupona kwake. Mwanamume akiugua hana wa kumrudisha, lakini hukaa ndani akitazama wengine wakitafuta riziki ya nyumba yake, na kwa mwanamume wa kisiwani hilo si jambo dogo.

Tumchukulie mfano mvuvi wa Kojani. Maisha yake ni dago. Huondoka na wenzake wakapiga kambi pwani ya mbali, wiki hata miezi, wakala pamoja na kulala pamoja. Anapoambiwa aende kituoni kwa dawa zake, dago limemkwisha. Chombo huondoka bila yeye, na mgao wake huondoka nacho. Au tumtazame mama wa Paje au Jambiani anayelima mwani. Mwani haumngoji mtu apone. Maji ya bamvua yakitoka ni lazima awe pwani, maana yakirudi kazi imelala mpaka bamvua jingine. Kadhalika mchumaji karafuu wa Pemba, ambaye msimu ukimkuta kitandani hupita bila shilingi. Watu hawa husikia kwamba dawa ni bure, na kweli ni bure, lakini nauli haikuwa bure, wala chakula cha kumezea dawa, wala siku alizozikosa kazini. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa wa kifua kikuu duniani huingia katika gharama zinazozidi asilimia 20 ya pato lao la mwaka. Tusistaajabu basi moyo ukianguka. Katika nyumba kama hiyo, aliyebaki anacheka ndiye wa kustaajabiwa.

Wasomaji wetu watastahamili tukiwapeleka mbali kidogo, kwa sababu kuna kisa cha kisiwa kingine kinachoingia moja kwa moja katika maneno haya. Katika mji wa New York, nchini Marekani, kiko kisiwa kiitwacho Staten Island, na katika kisiwa hicho ilikuwapo hospitali kubwa ya kifua kikuu iliyoitwa Sea View. Mwaka 1952 wagonjwa wa hapo walipewa kwa majaribio dawa mbili mpya, isoniazidi na ndugu yake iproniazidi. Watu waliokuwa wamelala wakiingoja siku yao wakaamka, wakaanza kula na kucheka, na zikachapishwa picha za wagonjwa wakicheza dansi hospitalini. Waliopewa iproniazidi walichangamka kupita kiasi ambacho nafuu ya mapafu peke yake ingeweza kueleza. Jambo hilo liliwazindua madaktari wa maradhi ya akili, na kufikia mwaka 1957 dawa hiyo ilikuwa ikitumiwa kutibu sonona, ikawa miongoni mwa dawa za mwanzo kabisa za maradhi hayo. Baadaye iliachwa kwa sababu iliwaharibu watu ini. Isoniazidi yenyewe ndiyo ile ile wanayoimeza wagonjwa wetu hadi leo, ingawa asije mtu akadhani kwamba inatosha kuiondoa sonona. Kwa maneno mengine, dawa za sonona zilizaliwa katika wodi ya kifua kikuu, kisha zikahamia hospitali za akili, na hazikurudi tena kuwaangalia wale waliozizaa.

Hapa kwetu nyumba mbili hizo zimetengana vivyo hivyo. Mwenye kifua ana kliniki yake, na mwenye maradhi ya akili ana Kidongo Chekundu. Jina la hospitali hiyo watu hulitaja kwa mzaha, na mzaha huo una gharama yake, kwani mgonjwa ambaye tayari anabeba aibu ya kifua hatakubali kuongezewa aibu ya pili kwa kuambiwa aende huko. Atasema hana neno, amechoka tu. Kwa hiyo hatupendekezi kwamba kila mgonjwa wa kifua apelekwe kwa daktari wa akili. Tunapendekeza kwamba sonona iulizwe pale pale anapochukulia vidonge vyake, na mtu yule yule anayempimia uzito.

Maswali ni mawili tu ya kuanzia, na hutumika duniani kote. La kwanza: katika wiki mbili zilizopita, umekuwa ukikosa hamu au raha ya kufanya mambo uliyoyazoea? La pili: katika muda huo, umekuwa ukijisikia mnyonge, mwenye huzuni, au uliyekata tamaa? Anayejibu kwamba ndiyo, tena kwa siku nyingi, huulizwa mengine saba, likiwamo lile zito la kama amewahi kufikiria afadhali angekufa. Watu huogopa kuliuliza hilo wakidhani watampa mgonjwa wazo asilokuwa nalo. Si kweli. Kumuuliza mtu kwa upole juu ya kufa hakumpeleki kifoni. Mara nyingi humpa faraja kwamba yuko aliyeona. Na atakayesema kwamba ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Yule mwenye sonona nyepesi hahitaji kidonge cha ziada. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, zaidi ya mara moja, na anayejua namna ya kusikiliza. Nchini Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa na wenye huzuni juu ya benchi la mbao nje ya kliniki, wakazungumza na kutafuta pamoja njia ya kulitatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limekwisha kufika hata hapa Zanzibar, na lisiachwe likafa kama miradi mingi ifavyo mfadhili anapoondoka. Wazimbabwe walilazimika kulichonga benchi lao. Sisi baraza tunazo, za mawe, kila mlango. Na bibi pia tunao. Huko Lima, nchini Peru, tangu mwaka 1999 wagonjwa wa kifua kikuu sugu walikusanywa katika vikundi vilivyoongozwa na wauguzi, wakawa wanakutana, wanaeleza yaliyowasibu, wanatembea pamoja na kusherehekea kila anayemaliza dawa. Hakuna katika hayo kitu ambacho kituo cha Makunduchi au cha Wete hakiwezi kukifanya.

Mwenye sonona nzito huhitaji dawa, na hapo kuna hadhari ambazo waganga wetu hawana budi kuzijua. Rifampisini hulifanya ini liziyeyushe upesi dawa nyingi nyingine, zikiwamo baadhi ya dawa za sonona, zikakosa nguvu. Linezolidi, inayotumika katika kifua kikuu sugu, haipatani vizuri na dawa za sonona za jamii ya fluoksetini, na kuzichanganya bila uangalizi ni hatari. Saikloserini, nayo ya kifua sugu, yenyewe huweza kuleta sonona au hata kuichafua akili. Isoniazidi huweza kuleta ganzi na moto wa miguu kwa kupunguza vitamini B6 mwilini, na mara chache huichafua akili pia. Mgonjwa aambiwe mapema hata mambo madogo: kwamba rifampisini itaugeuza mkojo wake rangi ya machungwa na kwamba si damu. Wako walioacha dawa kwa hofu ya jambo hilo moja tu, na lilihitaji sentensi moja kulieleza.

Sasa tunawageukia wahusika. Zanzibar haianzii sifuri. Iko kazi ya Kitengo Shirikishi kinachoshughulikia Ukimwi, homa ya ini, kifua kikuu na ukoma. Wako wahudumu wa afya ya jamii wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaoingia nyumba kwa nyumba na simu zao mkononi. Maswali mawili yanaingia ndani ya simu hiyo bila kuvunja ukuta wowote. Kinachohitajika ni amri ya kuyaingiza, mafunzo ya siku chache, na mtaalamu mmoja wa afya ya akili kwa kila wilaya, Pemba ikiwamo, ambaye mhudumu anaweza kumpigia simu akijibiwa. Tunaisisitiza Pemba kwa makusudi. Mtu wa Konde hawezi kuambiwa avuke bahari ili akaulizwe kwa nini halali usiku.

Kuhusu fedha ya kujikimu, tunaijua hoja itakayoletwa, kwamba Serikali haina uwezo. Lakini ni Serikali hii hii ya Mapinduzi iliyoanza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70 pensheni ya jamii, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Waliobeza wakati ule wamenyamaza. Wagonjwa wa kifua kikuu ni wachache mno kuliko wazee, na kila mmoja wao angelipwa kwa miezi 6, siyo kwa umri wake wote. India, yenye wagonjwa wengi kuliko nchi yoyote, imekuwa tangu Aprili 2018 ikimpa kila mgonjwa fedha ya chakula kwa kila mwezi wa matibabu. Na mwezi Septemba 2023, katika Umoja wa Mataifa, nchi zilitoa tamko kwamba kufikia mwaka 2027 kila mgonjwa wa kifua kikuu awe anapata fungu la huduma za afya na msaada wa kijamii. Mwaka huo si wa mbali.

Wala tusitegemee kwamba wengine watatufanyia. Mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, programu za kifua kikuu katika nchi nyingi za Afrika zilitikisika katika muda wa wiki chache. Huduma ya kumsikiliza mgonjwa ni miongoni mwa zile chache zisizohitaji meli ya kuzileta.

Kwa maimamu na walimu wa madrasa tuna ombi moja. Mtu mwenye sonona huambiwa upesi kwamba imani yake ni ndogo, naye huyaamini hayo, akaongeza dhambi juu ya maradhi. Kumzuru mgonjwa ni jambo tulilolelewa nalo sote. Azuriwe basi na huyu wa kifua, ndani ya chumba kilichofunguliwa madirisha, na azuriwe tena mwezi wa nne, wakati ambapo watu wamekwisha kumsahau na yeye bado anameza vidonge.

Bajeti ya Wizara ya Afya itakaposomwa tena Chukwani, tungependa Mwakilishi mmoja, wa chama chochote, asimame aulize maswali haya: ni wagonjwa wangapi wa kifua kikuu Unguja na Pemba walioulizwa mwaka huu juu ya hali ya mioyo yao, ni nani aliyewauliza, na majibu yao yameandikwa wapi? Tutayachapisha majibu katika safu hii.